Je, Filamu ya Gerezani Itamtisha Mwanangu Aache Wizi?

"Mtaalamu, mimi ni mama mwenye kijana wa miaka 15. Kwa muda wa mwaka mmoja nimemkuta mara tatu na simu ambazo si zake. Mara mbili za mwanzo alisema ameazimwa. Mara ya tatu mwenye simu alikuja hadi mlangoni, nikamrudishia huku nimeinamisha uso. Shuleni bado anakwenda, ila alama zimeshuka, na rafiki yake mkubwa siku hizi ni kijana wa miaka 19 aliyetoka gereza la vijana mwaka jana, ambaye husimulia maisha ya humo kama mtu aliyerudi safari. Kaka yangu amepata filamu ya Uingereza iitwayo Scum. Anasema ni mambo ya kweli yaliyopigwa picha ndani ya jela yenyewe, ndiyo maana serikali yao iliipiga marufuku, na kwamba kijana yeyote akiiona hataiba tena hata kalamu. Amepanga tuitazame Jumamosi, mwanangu pamoja na binamu zake wanne. Niliitazama peke yangu kwanza, nikashindwa kulala. Je, yaliyomo ni kweli? Je, hofu itamnyoosha? Na kama haitamnyoosha, nimwache akamatwe ili ajifunze? Naomba pia uniambie kama nimweleze kwamba nimekuandikia."

Mama, umefanya jambo la maana kuitazama filamu hiyo peke yako kabla ya kumwekea mtoto. Wazazi wengi huwasha televisheni, kisha wao wenyewe hutoka sebuleni kwenda kushughulika na mengine, na mtoto hubaki peke yake na picha ambazo hana wa kumuuliza habari zake.

Nikiyapanga maneno yako, naona hofu mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Unaogopa kwamba mwanao ataishia gerezani, na unaogopa kwamba gereza halimtishi tena, kwa sababu rafiki yake amelifanya lionekane kama jando, mahali ambapo mvulana huingia mtoto akatoka mwanamume. Kaka yako anaona dawa ni kumwonyesha ubaya wa mahali hapo kwa saa moja na nusu, mbele ya mashahidi. Nakujibu moja kwa moja: Jumamosi hii usimwonyeshe, na hasa usimwonyeshe mbele ya binamu zake. Filamu yenyewe ni nzuri, na mimi naiheshimu sana. Lakini inasema jambo tofauti na lile analodhani kaka yako, na kijana wa miaka 15 husikia jambo la tatu kabisa.

Tuanze na lililo jepesi, yaani kama ni mambo ya kweli. Scum haikupigwa picha za wafungwa halisi. Ni mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Roy Minton na kuongozwa na Alan Clarke, kwanza mwaka 1977 kwa ajili ya televisheni ya BBC. Aliyeuzuia ni BBC yenyewe, ambayo wakuu wake waliutazama ukiwa umekwisha kukamilika, wakakataa kuurusha. Serikali haikutoa amri ya kuupiga marufuku. Waandaaji hawakukata tamaa, wakautengeneza upya kama filamu ya sinema mwaka 1979, huku Ray Winstone akirudia nafasi ya kijana aitwaye Carlin, na filamu hiyo ikaonyeshwa katika majumba ya sinema kwa watu wazima tu. Toleo la kwanza, lile la BBC, halikuonekana kwenye televisheni hadi mwaka 1991, Clarke akiwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Hoja ya wakuu wa BBC inafaa kuijua, kwa sababu inagusa swali lako. Hawakudai kwamba matukio yale hayawezi kutokea. Walidai kwamba kuyarundika yote katika jengo moja na muda mfupi, kwa mtindo wa picha unaofanana na habari za kweli, kungemfanya mtazamaji aamini kwamba kila siku katika kila jengo la namna ile ilikuwa hivyo. Mimi naiona hoja hiyo kuwa ya woga zaidi kuliko ya busara, kwa sababu tamthilia zote hukusanya. Lakini ina chembe ya haki ambayo wewe unaihitaji. Ulichokiona ni maisha ya gerezani yaliyochemshwa hadi maji yakakauka. Kilichobaki chini ya chungu ni halisi, ila sicho chungu kizima.

Na lile jengo ni la aina gani? Liliitwa borstal, kwa jina la kijiji cha Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako mwaka 1902 jaribio hilo liliwekewa makao. Sheria ya mwaka 1908 ililifanya kuwa mfumo wa nchi nzima. Nia yake, tusiifiche, ilikuwa njema: kuwatenga vijana na wafungwa wazoefu, kuwafunza kazi za mikono, kuwapa walezi wa mabweni kama katika shule za bweni za matajiri, na kuwaachia huru walipoonekana wamebadilika badala ya kusubiri tarehe iliyoandikwa na hakimu. Mwaka 1930 kundi la vijana wapatao 40 lilitembea kwa miguu kutoka Feltham, pembezoni mwa London, hadi Lowdham katika Nottinghamshire, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, likajenga huko borstal isiyo na ukuta. Wasimamizi walitembea pamoja nao. Ukiisikia habari hiyo kisha ukaitazama Scum, utaona kwamba majina ya vyeo yalibaki, kwa maana katika filamu bado yupo mlezi wa bweni anayezungumza kama baba mkarimu, lakini kile kilichobebwa na majina hayo kilikuwa kimekwisha kuvuja. Kufikia miaka ya 1970 wengi wa waliotoka borstal walihukumiwa tena kwa makosa mapya. Sheria ya mwaka 1982 ikaufuta mfumo huo.

Sasa niruhusu nikae kidogo ndani ya filamu, maana hapa ndipo penye jibu lako. Carlin anahamishiwa jengo lile akiwa na sifa ya kumpiga askari katika borstal nyingine. Askari wanamkaribisha kwa kipigo. Bwenini yupo mvulana aitwaye Banks, ambaye wenzake humwita "Baba", kwa maana ya mbabe anayetawala wengine. Kazi yake haiko mbali na ya nyapara, isipokuwa hakuna aliyemteua kwa maandishi. Banks na wapambe wake wanamshughulikia Carlin, naye anavumilia. Halafu linakuja lile tukio ambalo kila aliyeiona filamu hulikumbuka: Carlin anasogea kwenye meza ya biliadi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, anachukua mipira miwili, anaitumbukiza ndani ya soksi, anamchapa mpambe mmoja wa Banks usoni, kisha anapanda juu kumtafuta Banks mwenyewe. Anampiga hadi chini na kumtangazia kwamba sasa Baba ni yeye. Hakuna muziki wa kututayarisha wala wa kutuliwaza baadaye. Ni sauti ya viatu, milango na pumzi.

Watazamaji wengi hudhani filamu imefikia kilele pale. Mimi naona kiini chake kiko katika kinachofuata, ambacho ni kimya zaidi. Askari wanajua nani amempiga nani, lakini hawamshughulikii. Mlezi wa bweni anamwita Carlin ofisini na kuzungumza naye kama kiongozi. Carlin naye anaomba chumba cha peke yake, na kwa upande wake bweni litatulia. Biashara imeisha. Jengo lile lilikuwa linahitaji mbabe, na lilimkubali huyu mpya kama lilivyomkubali yule wa zamani.

Huo si ubunifu wa mwandishi wa tamthilia. Mwanasosholojia wa Marekani, Gresham Sykes, aliyechunguza gereza kuu la Trenton huko New Jersey, aliandika mwaka 1958 kwamba mamlaka ya askari juu ya wafungwa ni makubwa kwenye karatasi na membamba sana kwenye ukumbi. Askari mmoja hawezi kuwalazimisha watu makumi kadhaa, saa baada ya saa, kuamka, kula, kufanya kazi na kulala. Kwa hiyo hufunga jicho kwa baadhi ya makosa ya wafungwa wenye nguvu, na wafungwa hao humtunzia utulivu. Unyonge wa walio chini ndiyo malipo ya utulivu huo. Katika filamu anayelipa ni Davis, mvulana mwembamba na mpole, ambaye anashambuliwa kingono na wenzake huku askari mmoja akishuhudia bila kuingilia, na usiku ule ule anabonyeza kengele ya seli kuomba msaada, anapuuzwa, na anajiua. Yupo pia Toyne, anayepata habari za kifo cha mkewe kwa namna isiyo na utu, na ambaye naye hafiki mwisho wa hadithi. Vurugu zinapozuka ukumbini kwenye chakula, zinazimwa kwa vipigo, na mkuu wa gereza anawasimamisha wafungwa wote kwa dakika moja ya ukimya kuwakumbuka wenzao wawili. Jina la filamu ni neno la Kiingereza lenye maana ya utando wa uchafu unaoelea juu ya maji, na pia ni tusi kwa watu wanaohesabiwa kuwa takataka. Mtazamaji aliye mtu mzima hutoka akijiuliza neno hilo linamhusu nani hasa katika jengo lile.

Lakini mwanao si mtazamaji mzima. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado najifunza kazi hii ya ushauri nasaha kwa vijana wenye kesi, mimi na mwenzangu tuliwaonyesha filamu hiyo hiyo wavulana wanane wa umri wa miaka 16 na 17. Nia yetu ilikuwa ile ile ya kaka yako, tena mimi ndiye niliyeisisitiza. Wakati wa tukio la Davis chumba kilikuwa kimya, na wawili walitoka wakisema wanakwenda chooni. Wakati wa tukio la soksi walipiga makofi. Tulipowauliza baadaye wamejifunza nini, mmoja wao, mtulivu kuliko wote, alijibu kwamba amejifunza usisubiri upigwe mara tatu. Wiki iliyofuata nilikuta kwenye begi la mwenzake soksi moja ya shule iliyofungwa fundo, ndani yake kuna mawe mawili mviringo, yameoshwa safi. Nilikaa na soksi ile mezani kwangu kwa muda mrefu. Wavulana wale walikuwa wameogopa, na kila mmoja, kwa kuogopa kwake, alikuwa amechagua kuwa Carlin kwa sababu aliyebaki wa kumchagua alikuwa Davis.

Hofu hufanya kazi hivyo, Mama, kwa watu wazima pia. Mtu akionyeshwa hatari pamoja na mlango wa kutokea, hukimbilia mlango. Akionyeshwa hatari pasipo mlango, moyo wake hujikinga: hukana, hucheka, husema "mimi hawatanipata", au hujifunza ukali ili wakimpata awe tayari. Zaidi ya hapo, wanaochunguza sababu za watu kuacha uhalifu wamekuta tena na tena kwamba uhakika wa kugunduliwa humzuia mtu kuliko ukubwa wa adhabu. Mwanao amekutwa na simu tatu unazozijua wewe. Kama kuna nyingine usizozijua, basi hesabu yake ya moyoni inamwambia kwamba kukamatwa ni bahati mbaya ya wengine, na filamu, hata iwe ya kutisha kiasi gani, haiibadilishi hesabu hiyo.

Wazo la kaka yako limekwisha kujaribiwa kwa kipimo kikubwa, tena kwa gereza halisi. Katika miaka ya 1970, wafungwa wa kifungo cha maisha katika gereza la Rahway, New Jersey, walikuwa wakiletewa wavulana watukutu, wakiwafokea usoni na kuwasimulia ubakaji na mauaji ya humo ndani. Mwaka 1978 ilitengenezwa filamu ya makala juu ya mpango huo, ikapata tuzo ya Oscar, na miji mingine ikaiga kwa shangwe. Kisha James Finckenauer wa Chuo Kikuu cha Rutgers akafanya jambo ambalo washangiliaji hawakulifanya: akawalinganisha vijana waliopelekwa Rahway na wenzao waliofanana nao ambao hawakupelekwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1982 yalikuwa kinyume cha shangwe. Katika miezi sita, takriban asilimia 41 ya waliopelekwa walikuwa wamefanya kosa jipya, dhidi ya takriban asilimia 11 ya wale wasiopelekwa. Kundi lake lilikuwa dogo, vijana 81 kwa jumla, na mtu angeweza kuliona kama sadfa; lakini Anthony Petrosino na wenzake walipoyakusanya majaribio tisa ya aina hiyo na kuyapima pamoja, jibu lilibaki lile lile: mipango ya kuwatisha vijana kwa gereza iliwaacha wakiwa na makosa mengi kuliko kama wasingefanyiwa chochote. Ni mara chache katika fani yetu kupata jibu lililonyooka namna hiyo, na ni mara chache zaidi kukuta watu wanalikubali, kwa sababu kumtisha mtoto kunampa mtu mzima raha ya kuona amefanya jambo.

Kuhusu binamu wanne, nakusihi usilichukulie kama jambo dogo. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa rika tatu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambao humlipa anayethubutu kuendelea taa zinapokaribia kubadilika na kumwadhibu anayechelewa kusimama. Wakiwa peke yao, wenye umri wa miaka 13 hadi 16 hawakuwa wapumbavu kuliko watu wazima kwa kiasi kikubwa. Walipokuwa na wenzao chumbani, kuthubutu kwao kuliongezeka karibu mara mbili, ilhali watu wazima hawakubadilika. Umri huo una masikio ya pekee kwa wenzao. Ukimweka mwanao kwenye kochi kati ya binamu wanne, huku mjomba akimkodolea macho kuona kama ameogopa, umemfunga mikono: hawezi kuogopa hadharani hata akitaka. Atacheka. Na akishacheka mbele yao, itambidi aishi na kicheko hicho.

Ningependa pia kumtazama yule rafiki wa miaka 19 kwa jicho lisilo la chuki. Anachokisimulia ni toleo lililohaririwa. Katika miaka yangu yote ya kazi hii nimewasikia wavulana wengi wakisimulia ugomvi walioshinda, na wachache mno, tena baada ya miezi, wakasimulia usiku wa kwanza, au jinsi walivyojifunza kulia bila kutoa sauti. Kijana yule anamhitaji mwanao kama msikilizaji, kwa sababu nje hakuna anayemhesabu kuwa mtu. Ukimpiga marufuku kwa kelele utampandisha cheo. Itafaa zaidi uzijaze zile saa ambazo wanakutana, na ukikutana naye umsalimie kwa jina lake.

Uliuliza pia, ingawa si kwa maneno haya, kama mambo ya filamu yamepitwa na wakati. Yapo yaliyokwisha. Idadi ya watoto walio kifungoni Uingereza na Wales ilishuka kutoka karibu 3,000 mwaka 2008 hadi chini ya 500 katika miaka ya 2020, kwa sehemu kubwa kwa sababu waligundua kwamba wengi hawakuhitaji kuwekwa humo. Lakini kiini hakijapitwa. Mwezi Machi mwaka 2000, katika gereza la vijana la Feltham, Zahid Mubarek, kijana wa miaka 19, alipigwa hadi kufa na mwenzake wa seli, mbaguzi wa rangi ambaye dalili zake za hatari zilikuwa zimeandikwa kwenye makaratasi ya magereza. Mubarek alikuwa amefungwa siku 90 kwa wizi wa nyembe za thamani ya pauni 6 na kuchezea gari la mtu, na asubuhi aliyoshambuliwa ndiyo iliyokuwa ya kuachiwa kwake. Uchunguzi wa hadhara uliotoa ripoti mwaka 2006 ulionyesha makosa mengi ya magereza yenyewe, moja baada ya jingine. Nakutajia habari hii kwa sababu inajibu sehemu ya tatu ya swali lako.

Nimwache akamatwe ili ajifunze? Kama polisi watamfikia, hutaweza kuwazuia, wala sikushauri uwadanganye. Lakini kumwachia makusudi, kwa matumaini kwamba kifungo kitamfundisha, ni kamari ambayo dau lake ni mtoto. Takwimu rasmi za Uingereza na Wales zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban watoto wawili kati ya watatu wanaotoka kifungoni hurudia kosa ndani ya miezi 12. Upande wa pili wa hesabu ni wa kutia moyo: Terrie Moffitt, aliyefuatilia maisha ya watoto waliozaliwa katika mji wa Dunedin, New Zealand, alieleza mwaka 1993 kwamba wengi wa wanaoanza makosa katika umri wa kubalehe huyaacha wanapokua, iwapo hawakunaswa na kitu kinachowazuia kuacha, kama vile kifungo, uraibu au kufukuzwa shule. Wachache wanaoendelea maishani kwa kawaida huanza ukorofi mapema sana, wakiwa wadogo. Kwa uliyonieleza, mwanao anafanana na wale wengi. Sisemi hivyo ili ukae ukisubiri, kwa sababu miaka miwili ya kusubiri inatosha kwa mtu kuharibikiwa.

Basi ufanye nini? Mweke chini akiwa peke yake, saa ambayo hakuna mwenye njaa wala usingizi, na umuulize simu zile zilikuwa zinakwenda wapi. Swali la "kwa nini" humpa nafasi ya kubuni. Swali la "wapi" na "nani alizinunua" hukupa ukweli, kwa sababu simu ya wizi ina mnunuzi, na mnunuzi ni mtu mzima. Huenda ukagundua kwamba ana deni, au kwamba anatumwa. Kisha kuna lile tukio la mlangoni. Siku ile uliinamisha uso wewe, Mama, ilhali aliyeiba ni yeye. Ingefaa aende mwenyewe kwa yule mwenye simu, wewe ukiwa umesimama pembeni, amwangalie na aseme alichofanya, kisha afanye kazi au atoe sehemu ya fedha zake kulipa usumbufu, iwapo mwenye simu ataridhia. Vijana wengi niliowasindikiza katika safari ya namna hiyo walitetemeka kuliko walivyowahi kutetemeka mbele ya filamu yoyote, na tofauti ni kwamba hofu hii ina mlango: ukishasema, unatoka ukiwa umepungukiwa mzigo. Baada ya hapo kuna kazi isiyo na mvuto, yaani kujua yuko wapi kati ya saa za kutoka shule na kulala, kuzungumza na mwalimu mmoja anayempenda, na kaka yako amchukue kwenye kazi ya mikono mwisho wa wiki. Mjomba aliye tayari kutafuta filamu ni mjomba anayejali. Mpe kazi itakayofaa. Njia zilizoonyesha matokeo bora kwa vijana wa namna hii ni zile zinazofanya kazi na familia nzima nyumbani. Hazifanyi miujiza, na huchukua miezi.

Iko hali ambayo hata jibu refu kama hili halitoshi, na unapaswa kumwona mtu ana kwa ana: afisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha au mwanasaikolojia anayefanya kazi na vijana. Nenda wiki hii hii ukigundua kwamba kuna mtu mzima anayemtuma kuiba au anayemtishia, akianza kubeba silaha ya aina yoyote, akitumia vileo au dawa, akiacha shule, au akikupiga wewe au wadogo zake. Ukimwona amejitenga, halali, ana majeraha asiyoyaeleza, au anasema afadhali asingezaliwa, usisubiri wiki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na mwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Na endapo ataitwa polisi, fuatana naye, usimwache ahojiwe peke yake, na mtafute wakili au msaada wa kisheria kabla ya maelezo kuandikwa.

Filamu iweke kabatini. Ina tukio la kubakwa na matukio ya kujidhuru, na huko kwao Uingereza imewekewa kiwango cha umri wa miaka 18, kiwango ambacho naona kinastahili. Akifika umri huo, na kama bado utakuwa na nguvu ya kuitazama tena, itazameni wawili. Itakapofika pale mlezi wa bweni anapomwita Carlin ofisini, isimamishe, umuulize nani amefaidika na utulivu ule.

Swali lako la mwisho: ndiyo, mweleze kwamba uliniandikia. Msomee ulichoandika, hata ile sehemu ya kuinamisha uso mlangoni. Huenda hajui kwamba uliinamisha.